Mtulinga Unapovunjika

Mtulinga ni mfupa mwembamba uliopinda mara mbili, wenye urefu wa sentimita 15 hivi kwa mtu mzima, nao hulala chini kidogo ya ngozi ukiunganisha mfupa wa kidari na kombe la bega. Kwa kuwa hakuna mfupa mwingine unaoushikiza mkono kwenye kiwiliwili, mtu aangukapo kwa bega, kama wanavyoanguka mara nyingi abiria wa bodaboda na watoto wanaoparamia miembe, kishindo chote huishia humo, na aghalabu huvunjika sehemu ya katikati, ambayo haikukazwa na kano, yaani nyuzi imara zinazofunga mfupa kwa mfupa.

Aliyevunjika mtulinga huweza kutambulika hata kabla hajaguswa: hushikilia mkono ulioumia kwa mkono wa pili, bega limeshuka, na kichwa amekilaza upande wenye maumivu. Msuli mkubwa wa shingo huvuta juu kipande cha ndani, ilhali uzito wa mkono huvuta chini kipande cha nje, ndiyo maana ncha ya mfupa huonekana ikiinua ngozi. Mtoto mchanga, ambaye mtulinga wake huweza kuvunjika bega linapokwama wakati wa kuzaliwa, hutambulika kwa mkono mmoja usiochezacheza kama mwenziwe.

Hatari kubwa imo katika vilivyo chini ya mfupa, yaani mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu iendayo mkononi, pamoja na ncha ya pafu. Robert Peel, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, alianguka kutoka juu ya farasi mwaka 1850 akavunjika mtulinga, akafariki siku chache baadaye. Misiba ya namna hiyo ni nadra. Hata hivyo, mkono ukifa ganzi au kupoa, pumzi ikibana, au mfupa ukitoboa ngozi, majeruhi apelekwe hospitali mara moja.

Walio wengi hupona bila kupasuliwa: baada ya picha ya eksirei, mkono huning'inizwa shingoni kwa kitambaa cha pembetatu, mtoto akaunga kwa wiki 3 hadi 6 na mtu mzima kwa wiki 6 hadi 12. Kinundu kinachobaki ni mfupa mpya, wala si dalili ya tiba mbovu. Linalopasa kukomeshwa ni desturi ya kulikanda na kulivuta bega, kwa maana vipande vyenye ncha kali huweza kuchoma mishipa ile ile ambayo ajali iliisalimisha.