Kompyuta Iliyokataa Kuwaka

Shuleni kisiwani Mafia, umeme ukirudi kwa kishindo, huenda kompyuta ikakataa kuwaka. Mwanafunzi asidhani kazi yake imepotea. Mara nyingi kilichoungua ni pawasaplai, kisanduku kigeuzacho mkondo geu wa volti 230 kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12, 5 na 3.3.

Tukague kwanza soketi na fyuzi. Kisha tukitenganishe kisanduku na ubao mkuu, tukichomeke, tupime kati ya waya wa zambarau na mweusi. Volti 5 zikikosekana, kibadilishwe. Kisifunguliwe: kapasita zake huhifadhi umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa.

Kipya nacho kikishindwa, tuzime umeme, tuondoe vipuri kimoja kimoja na kujaribu tena. Ambacho kikiondolewa mashine huwaka, ndicho kibovu. Diski yenye kazi, aghalabu, hubaki salama.