Je, Wajua? Muziki Chumba cha Kujifungulia

Je, wajua kwamba...

• Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliutaja muziki, pamoja na kuvuta pumzi kwa utulivu, miongoni mwa njia za kumpa nafuu mama mwenye afya njema anayeomba kupunguziwa maumivu ya uchungu?

• Nchini Thailand, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliwahusisha wanawake 110 wa uzazi wa kwanza? Waliosikiliza muziki laini usio na maneno kwa saa 3 walieleza maumivu na dhiki kidogo kuliko wenzao.

• Maumivu hupita kwenye “lango” la uti wa mgongo kabla ya kufika kwenye ubongo? Ndiyo nadharia ya Ronald Melzack na Patrick Wall ya mwaka 1965. Ubongo uliotulia, au ulioshughulishwa na jambo jingine, unaweza kulibana lango hilo.

• Hofu yenyewe inaweza kurefusha uchungu? Mama akiingiwa na woga mwingi, homoni ya adrenalini hupanda na mikazo ya mfuko wa uzazi huweza kulegea. Kumtuliza mama ni tiba, si kumdekeza.

• Waganga wa jamii ya Wakuna, Panama, humwimbia mama mwenye uzazi mgumu wimbo mrefu uitwao Mu-Igala? Wimbo husimulia safari ndani ya mwili wake, kuikomboa roho yake ili mtoto apate njia.

• Mama anayesimama na kutembea huweza kufupisha hatua ya kwanza ya uchungu kwa zaidi ya saa 1? Wimbo wenye mdundo wa taratibu humsaidia kuzungusha nyonga na kupumua kwa mpangilio.

• Mtoto huzaliwa akiijua sauti ya mama yake? Mwaka 1980, watafiti wa Marekani waliona vichanga wa siku chache wakibadili namna ya kunyonya chuchu bandia ili waisikie. Basi mwimbie tangu akiwa tumboni.

• Wimbo bora ni ule anaoupenda mama mwenyewe: kaswida, kwaya, taarabu au Bongo Fleva? Zihifadhi nyimbo kwenye simu mapema, uichaji, na uache sikio moja wazi umsikie mkunga.

• Muziki hautibu dharura? Damu nyingi, degedege, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu: mwite mhudumu papo hapo.

Ukienda kliniki, mwulize mkunga kama wodi yao inaruhusu muziki. Kila mama anastahili kujifungua bila woga.