MASHINE YA KUPASULIA MBAO INAYOHAMISHIKA: MAFUNZO KUTOKA UMWE, RUFIJI

Wanachama wetu hutuuliza swali moja mara kwa mara. Mti mkubwa ukianguka shambani, je, hapana njia ya kuugeuza mbao papo hapo, badala ya kuukata kuni na kisha kwenda mjini kununua mbao za Bara kwa bei ya kuumiza? Njia ipo. Ni mashine ndogo ya kupasulia mbao, ambayo huvutwa nyuma ya gari mpaka penye gogo. Wako wanaofikiri kuungana wanunue moja, wapasue miti yao wenyewe na ya jirani zao kwa ujira.

Fikra hiyo ni njema, lakini kabla ya kutoa fedha yatupasa tuijue kazi yenyewe, faida yake na matata yake. Tumechagua kuitazama kutoka Umwe, katika nchi ya Rufiji, kwa sababu watu wa huko wamepasua mbao tangu zamani, na kwa sababu yaliyowapata yana mafunzo mawili makubwa kwetu sisi wa visiwani.

UMWE NA KAZI YA MBAO

Umwe ni sehemu ya mji wa Ikwiriri, kaskazini ya Mto Rufiji, kiasi cha kilomita 160 kusini ya Dar es Salaam. Wazee wetu waliijua Rufiji kwa boriti. Majahazi yalitoka katika midomo ya mto yakileta boriti za mikoko Unguja, na mengine yakapita mpaka Arabuni. Hata upana wa vyumba vya nyumba za mawe za Mji Mkongwe ulifuata urefu wa boriti hizo. Nyuma ya mikoko, katika nchi kavu, ndiko kwenye mninga, mvule, mkongo na mpingo, na msitu wa Ngumburuni uko jirani kabisa na Umwe.

Mpasuaji wa zamani wa Rufiji hakuleta gogo mjini. Alichimba shimo au alijenga jukwaa huko huko msituni. Mtu mmoja alisimama juu ya gogo, wa pili chini, wakavuta msumeno mrefu kutwa nzima, kisha mbao zikachukuliwa mpaka njiani. Hesabu yao ilikuwa sawa: gogo la mvule huweza kupita tani nzima, lakini ubao mmoja huchukuliwa na mtu mmoja. Hilo ndilo funzo la kwanza. Usilipeleke gogo kwenye msumeno, upeleke msumeno kwenye gogo. Mashine tunayoizungumza haikuleta jambo jipya. Ni shimo lile lile la kupasulia, lililotiwa injini na magurudumu. Funzo la pili tutalieleza mbele.

NAMNA MBILI ZA MASHINE

Ziko namna mbili zinazojulikana khasa katika Tanzania. Ya kwanza ni ya msumeno wa duara, ile ambayo watu wa Mufindi na Iringa huiita dingidongi. Ni nyepesi kununua, fundi yeyote wa vyuma huweza kuitengeneza, na haina mambo mengi. Ya pili ni ya msumeno wa mkanda. Huu ni ukanda mwembamba wa chuma wenye meno, unaozungushwa na magurudumu mawili. Gogo hulala juu ya reli, na kichwa cha mashine husukumwa juu yake toka mwanzo mpaka mwisho.

Tafauti yao kubwa ni upana wa njia ya msumeno. Msumeno wa mkanda hula kiasi cha milimita 2 za mti kila unapopita. Msumeno wa duara hula 6 au zaidi. Mtu huweza kusema ni kitu kidogo. Basi na ahesabu: akipitisha msumeno mara 10 katika gogo moja, wa mkanda umegeuza unga milimita 20, na wa duara milimita 60. Milimita 40 zilizopotea hapo ni zaidi ya ubao mmoja na nusu wa inchi moja, upana mzima wa gogo.

MBAO NGAPI KATIKA GOGO

Tuchukue gogo la mwembe lenye urefu wa mita 3 na kipenyo cha sentimita 50. Ujazo wake ni karibu mita za mchemraba 0.59. Ubao wa urefu huo huo, wenye upana wa sentimita 20 na unene wa milimita 25, una ujazo wa 0.015.

Ikiwa mashine ni nzuri, msumeno ni mkali na fundi anajua kulipanga gogo, huweza kupata nusu ya gogo kuwa mbao, yaani mbao 19. Ikiwa msumeno ni mpana, butu, au mashine imesimama upande, atapata labda asilimia 30, yaani mbao 11. Gogo ni lile lile, na mafuta ni yale yale au zaidi. Mbao 8 zimekwenda katika unga na mabanzi. Mwenye kufanya kazi hiyo kwa magogo 100 amepoteza mbao 800, na bila ya kuiba mtu.

KUNOA NDIYO KAZI YENYEWE

Wengi wanaonunua mashine huuliza nguvu ya injini. Swali la kwanza lingekuwa: nani atanoa? Katika mti mgumu, mkanda hufaa kutolewa baada ya saa moja au mbili za kupasua. Kwa hiyo mwenye mkanda mmoja hana mashine. Awe na mikanda kadhaa, mmoja ukifanya kazi, mingine ikinolewa na kupumzika. Chuma cha mkanda hupinda na kunyooka mara nyingi sana kila dakika, na kikilazimishwa huota nyufa kisha hukatika.

Dalili za msumeno butu zajulikana. Injini hulia kwa taabu. Unga hutoka moto na mwembamba kama vumbi. Ubao hutoka wenye mawimbi, hapa mnene, pale mwembamba. Fundi mbaya huona mawimbi akazidi kusukuma. Fundi mwema husimamisha injini.

Meno nayo hupindishwa kidogo, moja kushoto na moja kulia, ili mkanda upate nafasi ya kupita. Yakipindishwa zaidi upande mmoja, mkanda utapanda au utazama, hata ukiwa mkali kama wembe. Basi kunoa bila ya kulinganisha meno ni nusu ya kazi.

Adui wa msumeno ni mchanga. Gogo lililoburutwa chini lina mchanga katika maganda, na dakika chache hutosha kuharibu mkanda mpya. Safisheni kwa brashi ya waya, au ondoeni ganda pale msumeno utakapopita. Adui wa pili ni msumari. Miembe na mifenesi iliyo karibu na nyumba hupigiliwa misumari miaka mingi, mti ukaimeza. Doa jeusi katika mbao ni dalili ya chuma kilicho karibu. Hata msituni hapana salama: mvule huwa na mawe ndani yake, yanayofanywa na mti wenyewe, na mafundi wa mbao wayajua sana. Na mnazi, ingawa hauna mawe, huwahi kufanya meno butu, khasa sehemu ya nje iliyo ngumu.

INJINI, RELI NA MAJI

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, mashine ipimwe kwa pimamaji, na miguu yake iwekwe juu ya magogo imara. Reli iliyopinda hutoa ubao uliopinda. Mkanda utiririshiwe maji kidogo yenye sabuni ili utomvu usigande. Chujio la hewa lisafishwe kila siku, kwa kuwa unga wa mbao ndio unaoua injini hizi. Oili ibadilishwe kwa saa zilizoandikwa na mtengenezaji. Kwa injini ndogo za petroli mara nyingi ni kila saa 50. Jioni mkanda ulegezwe. Ukiachwa umekazwa usiku kucha, huumia wenyewe na huumiza magurudumu.

Msimu wa masika, njia zikiwa tope, ndio wakati wa kufungua mashine, kutia grisi na kubadilisha bolbering, si wakati wa kuikumbuka siku ya kazi.

Na watu wenyewe wajilinde. Anayeendesha asivae kanzu wala kikoi kilicholegea. Mtu asisimame mkabala na mkanda, kwani ukikatika huruka. Vifuniko visivuliwe. Pua na mdomo vizibwe, kwa kuwa unga wa mninga, mvule na mkongo huwasumbua watu wengi kifua na ngozi. Watoto wakae mbali.

KUPASUA KWA UJIRA

Kazi ya kupasua miti ya watu huleta ugomvi kuliko ubovu wa mashine. Mapatano yafanywe na kuandikwa kabla ya injini kuwashwa:

(1) Ujira ni kwa ubao, kwa ujazo, au kwa siku? Ujira wa siku humfaa mpasuaji penye magogo mabaya na mafupi. Ujira wa ubao humfaa penye magogo mazuri.

(2) Magogo yawe yamekatwa, yamesafishwa na kuletwa pamoja. Mashine ikingoja gogo, nani atalipa?

(3) Mkanda ukigonga msumari, gharama ni ya mwenye mti. Neno hili likisemwa mapema halina uchungu.

(4) Mabanzi na unga ni vya nani? Mabanzi hufaa ua na kuni, na mwenye mti huyataka.

(5) Unene wa mbao uzidishwe kidogo, kwani mbao mbichi husinyaa zikikauka na tena hupigwa randa.

Kadhalika iwekwe daftari ya mashine: saa za kazi, mafuta, mikanda iliyonolewa na iliyokatika, mbao zilizotoka. Bila ya daftari mtu huona fedha mkononi akadhani ni faida, kumbe ni mashine yenyewe anayoila kidogo kidogo. Na ikiwa mashine ni ya shirika, awepo mtu mmoja wa kuwajibika nayo. Mashine ya wote isiyokuwa na mwangalizi haina mwisho mwema.

Mbao zikishatoka zisiegemezwe ukutani. Zipangwe kivulini juu ya magogo, kwa vijiti vya kipimo kimoja kati ya safu na safu, upepo upite. Mwembe upasuliwe mara baada ya kukatwa, kwani ukingoja huingia ukungu na bungua.

FUNZO LA PILI LA UMWE

Sasa tulieleze funzo la pili. Zamani, mwenye kwenda kusini ya Rufiji alivuka kwa kivuko, na masika mara nyingi alikwama. Mwaka 1991 na 2005 wataalamu walipima misitu kutoka Dar es Salaam kuelekea nje, wakaona ukataji ukisonga mbele kiasi cha kilomita 9 kwa mwaka, miti ya thamani ikitangulia kumalizika. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 2003, Daraja la Mkapa lilifunguliwa karibu na Ikwiriri, nalo lina urefu wa karibu mita 970. Daraja ni neema kubwa kwa watu wa kusini, lakini malori ya magogo nayo yalipita. Taarifa iliyotolewa mwaka 2007 juu ya biashara hiyo ilisema kuwa hadi asilimia 96 ya mapato yaliyostahili kukusanywa katika mbao yalipotea. Miti ilikwenda, na fedha hazikubaki vijijini.

Kosa halikuwa la msumeno. Msumeno haujui mti wa halali na wa haramu, wala mzee na kijana. Ng'ambo ya daraja hilo hilo, katika wilaya ya Kilwa, vijiji vilivyosaidiwa na shirika la MCDI vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC cha misitu wanayoisimamia wenyewe, cha kwanza cha namna hiyo Afrika kwa msitu wa asili wa wanakijiji. Huko kijiji huhesabu miti yake kwanza, kisha huuza ile tu iliyofika kipimo.

Kwetu sisi maana yake ni hii. Mashine hii itafaa ikiwa itapasua miti iliyomaliza kazi yake: mwembe ulioanguka, mfenesi mzee, mivinje iliyopandwa kwa mbao, mnazi usiozaa, na mkarafuu uliokufa. Shina la mkarafuu mara nyingi hugawanyika chini, basi msitegemee mbao ndefu. Lakini ikiwa kuwapo kwa mashine kutamshawishi mtu auangushe mkarafuu mzima kwa tamaa ya mbao za wiki moja, tutakuwa tumenunua hasara. Mkarafuu hulipa kwa miaka mingi. Ubao hulipa mara moja. Nani asiyejua kuwa mche wa leo hungoja miaka kabla ya kutoa konyo la kwanza?

Kwa hiyo, matawi yanayofikiri kununua yaanze na mambo matatu: yahesabu miti iliyokwisha kufa au kuanguka katika mashamba ya wanachama, yamtafute kijana mmoja wa kwenda kujifunza kunoa, na yamwone Bwana Misitu kwa ajili ya kibali cha kukata, kupasua na kusafirisha. Ikiwa magogo hayatoshi kuishughulisha mashine, ni bora kumkodi mwenye nayo kwa siku chache. Ikiwa yanatosha, basi inunuliwe, na fedha za mikanda na za kunolea ziwekwe kando siku ile ile.