Uhumanisti Ulichipuka Miongoni mwa Waamini

Waamini wengi wanaposikia neno “uhumanisti” hudhani ni jina jingine la kumkana Mungu. Wapo leo wanaolitumia hivyo. Lakini mkondo huu wa fikra na fasihi, uliochipuka Italia katika karne ya 14, haukuanzishwa na maadui wa Kanisa. Francesco Petrarca, anayehesabiwa kuwa baba yake, alikuwa mfuasi mkubwa wa maandishi ya Mtakatifu Augustino.

Wahumanisti walitaka kurudi kwenye chemchemi, yaani kusoma matini za kale katika lugha zake za asili. Mwaka 1440, Lorenzo Valla alichunguza Kilatini cha hati iliyodaiwa kwamba Kaisari Konstantino alimkabidhi Papa mamlaka juu ya nchi za Magharibi. Akathibitisha kuwa ilighushiwa: maneno yake hayakuwa ya karne ya 4. Hata hivyo Papa Nikolao V alimpa Valla kazi Roma, jambo ambalo, kwa maoni yetu, halisimuliwi vya kutosha.

Erasmus wa Rotterdam, padre Mwaugustino, alizifuata nyayo hizo. Mwaka 1516 alichapisha mjini Basel Agano Jipya la Kigiriki pamoja na tafsiri yake ya Kilatini, akalitabaruku kwa Papa Leo X. Katika maelezo yake aligusa wito wa Yohane Mbatizaji. Kilatini kilichozoeleka kingeweza kueleweka kama agizo la kutimiza malipizi. Kigiriki kinadai mtu ageuze nia yake. (Neno letu “kutubu”, lenye asili ya Kiarabu, nalo lina maana ya kurudi.) Hii si sarufi tupu. Je, aliyesali sala zote alizopewa kama malipizi, huku kinyongo chake kikibaki palepale, ametubu?

Martin Dorp, mwanateolojia wa Louvain, alihofu kwamba kusahihisha Kilatini cha Biblia kungetikisa imani ya watu. Tunaielewa hofu hiyo, maana hata leo tunaisikia. Aliyemjibu kwa barua ndefu mwaka 1515, akimtetea Erasmus, alikuwa rafiki yake Mwingereza, mhumanisti mwenzake na baba wa familia: Thomas More. Miaka 20 baadaye alikatwa kichwa kwa kukataa kumkiri mfalme kuwa mkuu wa Kanisa, na mwaka 1935 alitangazwa mtakatifu.