RTX 4090: Kasi Kiwandani Walishaikamua

Kadi ya michoro ya GeForce RTX 4090 ilipoingia sokoni Oktoba 2022 kwa dola 1,599, Nvidia walikuwa wameshaikamua karibu yote. Anayetaka kuiovakloki, yaani kuisukuma izidi kasi yake ya kiwandani, aanze kwa kulijua hilo. Kasi iliyotangazwa ni megahetsi 2,520, lakini kadi isipobanwa na joto hujipandisha yenyewe hadi 2,700 na ushei. Ukiisukuma ikagusa 3,000, umeongeza kama asilimia 10 kwenye karatasi. Ndani ya gemu mara nyingi unapata nusu ya hiyo, wakati mwingine pungufu. Zamani mtu alinunua kadi ya bei ya kati, akaisukuma mpaka ikalingana na ile ya bei ya juu. Kadi hii ilipotoka hakukuwa na cha kulingana nacho, na nafasi ya kusukuma ni finyu.

Kwenye kumbukumbu ndiko wengi wanakojidanganya. Kadi ina gigabaiti 24 za GDDR6X, aina ambayo hugundua data iliyoharibika njiani na kuituma upya. Kwa hiyo ukivuka mpaka kidogo, mara nyingi skrini haigandi wala gemu haijifungi. Fremu ndizo zinazopungua polepole, huku namba ya megahetsi ikizidi kupanda na mwenye kadi akizidi kujisifu. Dawa yake ni kupanda kidogo kidogo kwa programu kama MSI Afterburner, ukipima fremu kila hatua. Zikiacha kuongezeka, rudi nyuma kidogo hata kama hujaona dosari yoyote.

Faida kubwa iko upande wa pili: kupunguza. Kadi imepangiwa wati 450. Ibane hadi asilimia 70, yaani wati 315, na katika gemu nyingi utapoteza asilimia 5 hivi tu ya fremu. Wati zote hizo huishia kuwa joto chumbani. Majaribio mengi tunayoyasoma hufanyiwa Ulaya na Marekani, kwenye vyumba vya nyuzi 20 na kidogo. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari kina nyuzi 30 na zaidi, na joto la chipu hupanda karibu sawasawa na la chumba. Chipu ikipata moto hujishusha kasi, na feni zinapiga kelele mpaka husikii unachocheza.

Halafu kuna plagi ya umeme. Mara tu kadi ilipotoka, picha za plagi za 12VHPWR zilizoyeyuka zilianza kuzagaa. Novemba 2022 Nvidia walisema wanajua matukio kama 50 duniani, na kwamba plagi nyingi hazikuwa zimeingia mpaka mwisho. Baadaye muundo ulirekebishwa ukaitwa 12V-2x6, jambo ambalo kwangu linaonyesha kwamba lawama zote hazikuwa za mtumiaji. Sukuma plagi mpaka pasibaki upenyo, na usikunje waya karibu nayo. Kuna matoleo yanayokuruhusu kupandisha hadi wati 600 kupitia plagi hiyohiyo. Sioni mantiki yake.

Unapopima kadi ya namna hii, usiangalie wastani wa fremu pekee. Angalia ile asilimia 1 ya fremu zilizo polepole kuliko zote, maana hizo ndizo jicho linazozihisi kama mkwamo. Na pima kwa skrini utakayotumia: ya 4K ina pikseli milioni 8.3, mara nne ya 1080p, na huko kadi hii hufanya kazi iliyonunuliwa kuifanya. Kwenye 1080p prosesa ndiyo inayochelewesha, kadi inasubiri.

Januari 2025 ilikuja RTX 5090, dola 1,999 na wati 575, na ushauri wangu haukubadilika. Mwenye skrini ya 4K, nunua RTX 4090, bana umeme, pandisha kumbukumbu kwa kiasi, basi. Mwenye 1080p, badilisha skrini kwanza.