Kijigazeti cha Masika kwa Kila Nyumba

Masika yakaribia, wasomaji wapenzi. Akina mama wanachagua mbegu, akina baba wanatazama paa linalovuja, na watoto wanangojea kumbikumbi. Leo nataka kuwashauri kazi moja ya jioni. Gharama yake ni karatasi moja, kalamu na mkasi. Ni kutengeneza kijigazeti cha masika, kilichoandikwa na watu wa nyumba yenu wenyewe.

Labda utauliza, "Kina faida gani, nasi tuna redio na simu?" Redio hutangaza habari za mkoa mzima, haijui mvua ya kwanza ilinyesha siku gani katika shamba la babu yako. Tena, watu wafikao kwenye ofisi ya parokia kutafuta cheti cha ubatizo mara nyingi husema, "Nilizaliwa mwaka ule wa mvua nyingi." Mwaka gani? Mama aliyejua amekwisha kufariki, na karani hubaki kufunua daftari moja baada ya jingine.

Wala kuandika habari zetu wenyewe si jambo geni. Mwaka 1888, huko Kiungani, Unguja, misheni ya UMCA ilianza kuchapa gazeti la Kiswahili liitwalo Msimulizi, na Waafrika waliosoma hapo waliandika humo habari za vituo vyao. Kijigazeti chako ni mdogo wake.

Namna ya kukunja

Twaa karatasi. Ikunje nusu kwa nusu mara tatu, kila mara ukigawa upande ulio mrefu, kisha ifunue. Utaona vyumba vinane: vinne juu, vinne chini. Sasa ikunje nusu mara moja tu, kingo fupi zikutane. Anza kwenye mkunjo, ukate kwa mkasi kwa kufuata mstari wa katikati, ukome pale mistari inapokutana. Usikate mpaka mwisho! Ukiifunua utaona mpasuko katikati ya karatasi.

Halafu ikunje kwa urefu, kingo ndefu zikutane, mpasuko uwe juu. Shika ncha mbili, uzisukume zikaribiane mpaka mpasuko ufumbuke na karatasi ikae kama msalaba. Laza kurasa zote upande mmoja. Basi, una kitabu cha kurasa 8, bila gundi wala uzi.

Andika namba za kurasa kwa penseli kingali kimekunjwa, ndipo ukifunue na kuandika. Usishangae kuona kurasa nne zimepinduka kichwa chini. Geuza karatasi tu. Maandishi yote yako upande mmoja, kwa hiyo mashine ya fotokopi hutoa nakala mara moja kwa ndugu walio mbali.

Kila mtu na ukurasa wake

Ukurasa wa 1 ni jina la kijigazeti na mwaka. Wa 2 ni wa baba au kaka: siku ya mvua ya kwanza, mbegu zilizopandwa, na siku zilipoota.

Wa 3 ni wa mtoto anayejua hesabu. Aweke kopo lenye kuta zilizonyooka uwanjani, mbali na mti na paa, apime maji kwa rula kila asubuhi saa ile ile, kisha alimwage. Milimita 10 maana yake kila mita moja ya mraba imepata lita 10, yaani nusu ya ndoo ya lita 20.

Wa 4 ni wa wadogo: wachore chura, konokono na kumbikumbi. Wa 5 ni wa mama: mboga zinazoota zenyewe wakati wa mvua na namna ya kuzipika, tena akumbushe kuchemsha maji ya kunywa na kumwaga maji yaliyotuama, maana ndimo mbu wazaliamo. Wa 6 ni wa Pasaka, ambayo huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25: nani alibatizwa, tulimwombea nani. Wa 8 ni majina ya wote walioandika.

Nimeacha wa 7 kusudi, nao ndio mzito. Huo ni wa bibi na babu. Waulizeni: masika makubwa waliyoyaona yalikuwa ya mwaka gani? Maji yalifika wapi? Ni bonde gani wazee walikataza kujenga? Aprili 2024 mafuriko yaliharibu nyumba na mashamba huko Rufiji na Kibiti, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu. Mjukuu atakayejenga nyumba miaka 30 ijayo atahitaji kujua maji yalipita wapi, na huenda siku hiyo hakuna wa kumjibu ila karatasi hiyo.

Babu asiyejua kuandika aseme, mjukuu aandike. Msimsahihishe maneno yake. Yaandikeni kama alivyoyasema, kwa lugha aliyoitumia.

Ndugu zetu wa Dodoma, Iringa na Songea, ambao mvua yao ni ya msimu mmoja tangu Novemba hadi Aprili, wafanye yao kwa majira yao.

Msimu ukiisha, kiwekeni kijigazeti pamoja na vyeti vya ubatizo, ndani ya mfuko usiopenya maji. Mwakani fanyeni kingine, mvilinganishe. Ila ukurasa wa 7 usingoje mwakani. Mwulizeni bibi jioni ya leo.