Gari Linapokula Tairi, Usikimbilie Dukani

Jumamosi moja mpwa wangu alinijia nyumbani na boksi la vyuma mikononi, vyuma vilivyopakwa rangi nyekundu inayong'aa kama kucha za bibi harusi. Kijana huyu alikuwa amenunua Subaru Impreza yenye turbo, lile toleo la kwanza lililotengenezwa kati ya 1992 na 2000. Gari lilimpendeza kila mahali isipokuwa mahali pamoja: lilikuwa linakula tairi. Matairi mapya aliyoyavalisha nyuma hayakumaliza hata miezi minne. Ukiyatazama ukiwa umesimama unaona kashata zimejaa. Ukiinama ukachungulia upande wa ndani, ni kipara kitupu, na nyuzi za waya zimeanza kutokeza.

"Mjomba," akaniambia, "dukani wamesema dawa yake ni hizi amu za kurekebishika. Zinafungwa nne, zote nyuma."

Nikamwuliza karatasi ya vipimo iko wapi. Hakuwa nayo. Gari halijawahi kupimwa alaimenti tangu alinunue, lakini vyuma vya kurekebisha alaimenti tayari vilikuwa juu ya meza yangu, na fedha ilikuwa imekwisha kwenda. Ni sawa na mtu aliyenunua dawa kwanza, kisha akaanza kutafuta mahali pa kupimwa damu.

Mimi si fundi. Lakini nimekaa sana kwenye mabenchi ya gereji za mji huu nikisubiri gari langu, na mtu anayesubiri husikiliza. Naomba leo tuingie pamoja chini ya gari la kijana huyu, kwa sababu wenye tatizo lake ni wengi, na duka la spea lina jibu tayari hata kabla hujamaliza swali.

Mafundi wakizungumzia alaimenti hutaja mambo matatu: kemba, kasta na too. Kemba, usichanganye na kamba, ni kule kuegemea kwa gurudumu ukilitazama kwa mbele au kwa nyuma ya gari. Juu likiingia ndani kuliko chini, tunasema kemba ni hasi. Gari la mbio hupewa kemba hasi makusudi, kwa kuwa kwenye kona gari hulala upande, na gurudumu lililoegemea ndani ndipo linapokanyaga barabara kwa upana wake wote.

Kasta ni mlalo wa ule mhimili ambao gurudumu la mbele huzunguka ukikata usukani. Itazame baiskeli yoyote: uma wake wa mbele haukusimama wima, umelala kurudi nyuma kuelekea kwa mwendeshaji. Mlalo huo ndio unaofanya usukani upende kurudi katikati wenyewe. Kasta ikipungua gari huyumba likienda kasi. Ikizidi usukani huwa mzito. Haili tairi kwa kiasi cha kukutisha, kwa hiyo tuiache hapo.

Too ndiyo mwizi mwenyewe. Simama, tazama miguu yako. Ukigeuza vidole viangaliane, hiyo ni too ya ndani. Ukivitawanya kama bata, hiyo ni too ya nje. Magurudumu nayo ni hivyo hivyo. Na hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwani kemba inaonekana kwa macho, ikamvutia kila mtu, lakini too haionekani. Gurudumu lililogeuka digrii moja tu kutoka njia yake huburutwa kwa ubavu mita 17 na nusu katika kila kilometa moja. Nusu digrii ni karibu mita 9. Chukua safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro, takriban kilometa 190: tairi lenye kosa la nusu digrii litakuwa limesuguliwa kwa ubavu zaidi ya kilometa moja na nusu. Mpira gani utastahimili hayo?

Kemba hasi peke yake, ya digrii moja na nusu hivi, hula tairi polepole sana. Ikiungana na too ya nje, mzigo wote huangukia ukingo wa ndani, na ukingo huo ndio unaosuguliwa. Ndiyo maana kijana wangu aliona kipara upande mmoja, akashika kemba kuwa ndiyo mhalifu, kumbe mhalifu alikuwa ametoroka.

Kabla hatujakwenda kupima tulifanya jambo ambalo kila mwenye gari anaweza kulifanya nyumbani. Tuliegesha gari pahali tambarare, tukachukua timazi ya mwashi, tukaiteremsha mbele ya rimu. Rimu ya 16 ikiwa imeegemea digrii moja, tofauti ya ukingo wake wa juu na wa chini ni kama milimeta 7. Sisi tulipata milimeta 11 au 12 hivi kila upande, yaani digrii moja na nusu na ushee. Kwa gari hili si kitu cha kutisha, maana hata kiwandani lilitoka magurudumu yake ya nyuma yakiwa yameegemea ndani kidogo.

Kisha tukaingia chini, na hapo kijana akanyamaza. Springi zilikuwa zimebadilishwa. Aliyemwuzia alikuwa ameshusha gari, likawa limeinama kama linanusa lami. Na bushi moja ya amu ya nyuma kushoto ilikuwa imepasuka. Ukiingiza mtaimbo mdogo na kuusukuma, gurudumu linacheza.

Hapa niruhusu nitoke njiani kidogo. Gari hili lilijipatia jina Afrika Mashariki kwa Mbio za Safari. Colin McRae alishinda na Impreza mwaka 1997, na Richard Burns akashinda nayo mwaka 2000. Vijana wanabandika stika za mbio zile, wanapaka rangi ile ile ya buluu, halafu wanashusha gari hadi kwenye matope. Magari ya Safari yalikuwa yameinuliwa! Yaliwekewa shokapu ndefu na nafasi kubwa ya gurudumu kupanda na kushuka, kwa sababu wale waliotaka kushinda waliijua barabara iliyokuwa mbele yao.

Turudi kwenye boksi. Kila gurudumu la nyuma la Impreza ile linashikwa kwa chini na amu mbili za kukingama na moja inayokwenda mbele, na kwa juu linashikwa na shokapu. Gari likishushwa, amu zile hubadili pembe zake, na kemba na too huhama pamoja nazo. Ukizirefusha amu mbili za kukingama kwa kipimo kimoja, unausukuma mguu wa gurudumu nje, kemba inazidi kuwa hasi. Ukizifupisha, gurudumu linasimama wima zaidi. Ukigusa moja na kuiacha nyingine, umegeuza too. Hiyo ndiyo kazi ya amu za kurekebishika, na ni kazi ya kweli. Mtu aliyeshusha gari lake sana, akapima, akaona kemba ya nyuma imefika digrii mbili na nusu au tatu na hana pengine pa kuirudisha, huyo anazihitaji.

Lakini kwa too peke yake, kiwanda kilikwisha kuweka dawa. Amu moja ya kila upande, pale inapofungwa katikati ya gari, ina bolti yenye kichwa cha duara kisichokuwa na kitovu sawa, na alama ndogo ndogo pembezoni mwake. Ukiizungusha, inasogeza amu ndani au nje. Mbele nako, bolti ya juu inayounga shokapu na habu ni ya namna hiyo hiyo, ya kurekebisha kemba. Wapo watu wamenunua bolti za kemba za mbele na kutoa zile za kiwandani zenye kazi ile ile. Wamelipa ili wabaki pale pale.

Tulipopima kwa mashine, karatasi ilisema tulichokitarajia: kemba ya nyuma digrii moja na nusu kushoto, moja na pointi sita kulia; too, kila gurudumu limegeuka nje karibu nusu digrii. Fundi akagoma kurekebisha mpaka bushi ile ibadilishwe. Nilimheshimu. Gurudumu linalocheza kwenye bushi halina alaimenti. Kipimo unachokipata asubuhi sicho utakachokuwa nacho baada ya shimo la kwanza.

Basi ikaja kazi ya kuchagua bushi, na dukani kuna za namna tatu. Za mpira, kama za kiwandani. Za poliyurethani, ile plastiki ngumu yenye rangi za peremende. Na za chuma, zenye mpira mdogo wa chuma unaozunguka ndani ya kikombe. Za chuma hazinesi hata kidogo, na dereva wa mashindano huzipenda kwa hilo. Lakini zinapitisha kila kishindo hadi kwenye kiti, na vumbi likiingia humo linasaga kama kinu. Gari la mashindano hufunguliwa na kukaguliwa baada ya kila mbio. Gari la kwenda kazini halina bahati hiyo. Poliyurethani iko katikati: hudumu, lakini hutaka grisi yake maalumu, isipopata hulia kama mlango wa zamani. Tena haifai kila mahali. Ile amu inayokwenda mbele husokotwa huku na huku gurudumu linapopanda, na bushi ngumu pale huibana badala ya kuiachia.

Kwa barabara zetu nilimshauri mpira, na mpira mpya. Sahani za juu ya shokapu zenye chuma badala ya mpira, ambazo naye alizitamani, nazipa hukumu hiyo hiyo: nzuri uwanjani, kelele na gharama mjini.

Kufunga nako kuna siri ambayo gereji nyingi huiruka. Bushi ya mpira haizunguki. Imeganda kwenye chuma chake nje na ndani, na husokoteka kila gari linapopanda na kushuka. Ukiikaza gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, umeikaza ikiwa katika mkao ambao si wake. Gari likishuka chini bushi inabaki imesokotwa saa zote, hata limelala gereji, na haichukui muda itapasuka. Bolti hukazwa kabisa gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Mwambie fundi wako kwa upole, na usiondoke pale mpaka umeliona.

Jambo jingine la Impreza hizi ni ile bolti ndefu inayopita kwenye habu ya nyuma na kushika amu mbili kwa pamoja. Magari yaliyotoka nchi za theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, bolti hiyo hugandia ndani kwa kutu. Mnunulie fundi bolti mpya na nati zake kabla hajaanza, maana ya zamani huenda ikatoka vipande vipande.

Na kwa yule ambaye karatasi yake imeonyesha kwamba anahitaji amu za kurekebishika kweli, rangi isimshughulishe. Afungue aone nyuzi za kurekebishia: zikikwisha kurefushwa kwa kiasi anachotaka, bado ziwe zimeingia ndani vya kutosha. Nati ya kufungia iwepo na ikaze. Kama viungo vyake ni vya chuma, viwe na kifuniko cha mpira cha kuzuia vumbi. Bolti inayobeba gurudumu iwe na namba kichwani, 10.9 kwa mfano, ambayo ni daraja la nguvu yake. Yenye kichwa kisichokuwa na alama yoyote airudishe hapo hapo kaunta. Maandishi ya Kijapani kwenye boksi si ushahidi. Mashine ya kuchapa boksi ni rahisi kuliko ya kuoka chuma.

Tulipomaliza bushi tulirudi kwenye mashine. Upepo wa matairi ukasawazishwa kwanza, nyuma ikarekebishwa kabla ya mbele, kemba kabla ya too, kwa sababu ukigusa kemba too nayo huhama. Bolti za kiwandani, zile zile zilizokuwapo siku zote, zilitosha kugeuza magurudumu ya nyuma yakaangalia ndani kidogo tu. Kemba tuliiacha ilivyo. Nikamwambia kijana arudi baada ya kilometa 500, bolti zikaguliwe, kwani hizi za duara huweza kuteleza zikipata pigo kubwa.

Alirudi, zilikuwa hazijasogea. Matairi aliyovalisha siku ile sasa yana mwaka na miezi miwili, na ukipitisha kiganja ndani na nje unaona yamelika sawa. Zile amu nyekundu duka lilikataa kuzipokea, likamwonyesha maandishi madogo chini ya risiti. Ziko chini ya kitanda chake, bado ndani ya boksi, na amekwisha anza kuniuliza kama kushusha gari sentimeta mbili zaidi kuna ubaya gani.